Fedha za wahamiaji: Kubana hawala kunamwumiza nani?

Tangu Januari 1, 2026, mhamiaji aliyeko Marekani anayetuma fedha nje ya nchi hiyo kwa kulipa taslimu anatozwa kodi ya asilimia moja. Sheria hiyo, iliyotiwa saini Julai 2025, haimgusi anayelipa kutoka akaunti ya benki au kwa kadi iliyotolewa nchini humo. Mzigo umewekwa, basi, juu ya yule asiye na akaunti, ambaye mara nyingi ndiye mwenye kipato kidogo.

Asilimia moja yaweza kuonekana si kitu. Hata hivyo, historia ya fedha zinazotumwa Somalia inaonya kwamba serikali na mabenki yanapobana njia halali, fedha hazikomi kusafiri. Hubadili njia tu, na gharama humwangukia mnyonge.

Baada ya kuanguka kwa Siad Barre mwaka 1991, mfumo wa benki wa Somalia ulisambaratika na nafasi yake ikachukuliwa na hawala. Mtumaji humkabidhi wakala wa Minneapolis dola zake pamoja na jina na namba ya simu ya ndugu yake. Taarifa hufika kwa wakala wa Mogadishu, Hargeisa au Eastleigh jijini Nairobi, naye hulipa, aghalabu siku hiyo hiyo. Mawakala huja kulipana baadaye, hasa kupitia Dubai. Lakini ili dola zitoke Marekani au Uingereza kwenda Dubai, benki inahitajika. Hapo ndipo penye udhaifu.

Novemba 2001, takriban miezi miwili baada ya mashambulizi ya Septemba 11, Marekani ilizuia mali za Al-Barakaat, wakati huo kampuni kubwa kuliko zote za hawala ya Somalia, ikiituhumu kufadhili ugaidi. Mwaka 2004, ripoti ya watumishi wa tume iliyochunguza mashambulizi hayo ilieleza kwamba FBI ilifunga uchunguzi bila kuonyesha uhusiano wa moja kwa moja kati ya ofisi za kampuni hiyo nchini Marekani na ugaidi.

Mwaka 2013 ikawa zamu ya Uingereza. Benki ya Barclays ilitangaza kufunga akaunti za kampuni nyingi za kutuma fedha, Dahabshiil ikiwamo. Mabenki yalikuwa na hofu ya adhabu, kwani Desemba 2012 HSBC ilikubali kulipa mamlaka za Marekani dola bilioni 1.9 kwa kushindwa kudhibiti fedha haramu. Februari 2015, Merchants Bank of California nayo ikajitoa. Baadhi ya mawakala wakaanza kubeba noti kwa ndege hadi Dubai. Ni msimamizi gani aonaye vizuri zaidi ndani ya sanduku la msafiri kuliko ndani ya vitabu vya benki?

Kenya haikusalimika. Aprili 2015, baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa, Benki Kuu ya nchi hiyo ilisimamisha leseni za kampuni 13 za kutuma fedha. Zilirejeshwa Juni mwaka huo. Walioadhibiwa kwanza, kwa hiyo, ni wale waliokuwa wamekubali kusimamiwa.

Hapana shaka kwamba hawala yaweza kutumiwa vibaya. Oktoba 2011, mahakama ya Minnesota iliwatia hatiani wanawake wawili kwa kuwatumia fedha Al-Shabaab. Lakini tuzingatie kwamba miamala yao iliorodheshwa mmoja mmoja katika mashtaka. Wakala mwenye leseni huacha kumbukumbu, na kumbukumbu ndizo zinazomfichua mhalifu.

Mwaka 2013, Oxfam na washirika wake walikadiria kwamba Wasomali walio ughaibuni hutuma nyumbani takriban dola bilioni 1.3 kwa mwaka. Hizo ni fedha za chakula, karo na dawa, na ukame unapokuja huwa mara nyingi ndizo za kwanza kufika. Serikali zinazotaka kuwabana wahalifu zinapaswa kuwafungulia mawakala halali akaunti, kuwakagua kwa ukali na kumshtaki kila mwenye hatia kwa kosa lake. Zikiendelea kuwabana wote kwa pamoja, mhalifu atatafuta sanduku, na mama anayengoja dola mia moja huko Baidoa atalala njaa.