Kipima Unyevu Kifunzwe Kwanza Udongo Wako

Wewe mkulima wa shamba la settlement, huenda umekwisha kutembelewa na muuzaji wa vipima unyevu. Chombo hiki huzikwa shambani, hupima maji yaliyomo udongoni, na kupeleka habari kwa redio mpaka kwenye mnara, na kutoka hapo mpaka kwenye simu yako. Ni chombo kizuri, wala sisemi usikinunue. Nasema usilipe pesa zote siku kinapoletwa.

Kwanza ni lazima kiandikishwe. Kipima cha mtandao wa LoRaWAN kina namba yake ya tarakimu na herufi 16, na ufunguo wa siri wenye 32. Visipoandikwa mtandaoni, habari zake hazitapokewa. Na vipima hufanana kama mayai! Ukizika vinne kabla ya kuandika kipi ni cha viazi na kipi ni cha kabichi, utanywesha kabichi kwa kiu ya viazi. Viandikishe kimoja kimoja mezani. Ufunguo nao ukae kwako au katika ofisi ya chama chenu cha ushirika, kwa maana muuzaji akiondoka nao, siku mtakapotaka kuuhama mtandao wake mtakuwa mikononi mwake.

Lakini hasara kubwa hutoka udongoni. Vipima vingi vya siku hizi havigusi maji. Hupima jinsi udongo ulio kando yao unavyohifadhi umeme. Kwa hesabu hiyo hewa ni 1, udongo mkavu ni kama 4, na maji ni kama 80. Kiwanda hakikuuona udongo wako. Fikiri udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaonata viatuni wakati wa mvua na kupasuka wakati wa jua. Ufa ukipita kando ya kipima, kitakuwa kinapima hewa, nacho kitakuambia kwamba shamba limekauka kabisa. Utafungulia maji usiku kucha, na viazi vitaoza.

Kwa hiyo chukua udongo wa hapo hapo kwa mkebe ambao ujazo wake unajulikana, uupime uzito, ukaushwe katika tanuri ya maabara kwa joto la digrii 105 kwa saa 24, kisha upimwe tena. Uzito uliopungua ndio maji. Fanya hivyo udongo ukiwa umelowa, ukiwa wa kadiri, na ukiwa mkavu, ndipo kipima kipangwe kwa namba hizo. Bwana Shamba atakuonyesha pa kupeleka udongo.

Wengine watasema hiyo ni kazi nyingi. Ni kweli, lakini kwa udongo wa namna moja hufanywa mara moja tu. Muuzaji asipokubali kuifanya mbele yenu, mwacheni apakie vipima vyake garini, nanyi mwendelee kuchimba kwa jembe mpaka kwenye mizizi na kuufinya udongo kwa mkono.