Pwani ni mahali pa kazi: tamko la chama cha wakulima wa mwani, mashariki ya Unguja

Sisi, viongozi na wanachama wa chama cha wakulima wa mwani katika vijiji vya pwani ya mashariki ya Unguja, tunatoa tamko hili kwa wanunuzi na wasafirishaji wa mwani, kwa Wizara ya Uchumi wa Buluu na Uvuvi, kwa masheha wa shehia zetu, na kwa wenzetu majumbani. Kazi tunayoifanya inaumiza mwili. Hadi leo maumivu hayo ni ya mkulima peke yake, ilhali faida ya mwani ina wenyewe wengi.

Mwani wa biashara ulianza kulimwa Paje na Jambiani mwaka 1989, baada ya utafiti wa Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mbegu iliyotoka Ufilipino. Leo wakulima wa Zanzibar ni zaidi ya 20,000, na katika kila watano, wanne ni wanawake. Hotuba nyingi huutaja mwani kuwa wa tatu kwa kuingiza fedha za kigeni, baada ya utalii na karafuu. Tunashukuru kutajwa. Tungeshukuru zaidi kama siku moja tungeulizwa habari za migongo yetu.

Kwa asiyeijua kazi hii, tueleze. Bamvua likifika na maji yakatoka mbali, mkulima hushuka pwani kuwahi zile saa chache kabla hayajarudi. Hupigilia vijiti mchangani, huvuta kamba baina yavyo, kisha hufunga mbegu moja moja kwa taitai, yaani vijiuzi vya kufungia. Yote hayo hufanywa kwa kuinama, maji yakiwa magotini au kiunoni, jua likipiga utosini na mng'aro wa maji ukirudi machoni. Maji yakitoka alfajiri, wengi huondoka bila kutia kitu tumboni, kwani maji hayamngoji mtu achemshe chai. Baada ya wiki sita hivi huja mavuno. Mwani mbichi una uzito mara kadhaa kuliko mkavu, na uzito huo wa ziada haulipwi na mtu. Hubebwa kichwani au huburutwa hadi ufukweni, isipokuwa kwa mwenye uwezo wa kukodi ngarawa au gari la ng'ombe.

Katika mikutano ya vikundi tunasikia yale yale: kiuno kisichonyooka, macho mekundu yanayotoa machozi, ngozi inayowasha usiku, vidole vilivyochubuliwa na taitai na chumvi ikaingia humo humo. Kuna miguu iliyochomwa na miiba, na kuna wale waliokanyaga bocho au taa, samaki wenye miiba ya sumu; hao hawasahau. Wengi wetu huingia baharini na soksi kuukuu, kwa sababu viatu vya mpira ni ghali. Choo hakuna, maji ya kunywa ni yale uliyokuja nayo; mwanamke hujizuia haja kwa saa nyingi, na mjamzito au aliye katika siku zake ndiye anayejua uzito wa jambo hilo. Wanaodhani tunakuza mambo wasome utafiti uliochapishwa mwaka 2012 kuhusu wakulima wa mwani Zanzibar. Waliohojiwa walitaja uchovu, maumivu ya viungo, njaa, shida za kupumua na za macho, na majeraha ya viumbe na magamba ya baharini. Na kipato chao kilikuwa chini ya kiwango cha umaskini uliokithiri.

Sasa bahari nayo imebadilika. Mwani mnene, yaani kotonii, ndio wenye bei nzuri, lakini tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 umekuwa ukifa katika maji ya kina kifupi kila yanapopata joto: huingia weupe, hulainika, hukatika. Tumebaki na mwani mwembamba, spinosumu, ambao kwa miaka mingi kilo moja kavu imeuzwa chini ya shilingi 1,000. Wataalamu, akiwemo Dkt. Flower Msuya aliyefanya kazi nasi kwa miaka mingi, wameshauri tuupeleke mwani mnene kwenye kina kirefu ambako maji yana ubaridi. Ushauri huo tunauafiki. Ila wengi wetu tumezaliwa hatua chache kutoka baharini na hatujui kuogelea. Mtoto wa kike hakufundishwa. Boti za kufikia kina hicho zilizogawiwa kwa vikundi tumezipokea kwa shukrani. Boti hizo zinahitaji jaketi za kuokolea kwa kila anayepanda, na mafunzo ya kuogelea yanayotolewa na wanawake, kwa mavazi na saa ambazo wanawake wa vijiji vyetu watakubali kushiriki. Bila hivyo tutakuwa tumeondoa hasara ya mwani na kuleta hasara ya watu.

Tunafika penye kiini. Mnunuzi hutoa kamba na taitai, na mkulima naye humuuzia yeye, kwa bei ambayo yeye ndiye aliyeipanga. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Zanzibar ya mwaka 2005 inamtwika mwajiri jukumu la kumlinda mfanyakazi. Tukiuliza mwajiri wetu ni nani, mnunuzi hujibu kwamba yeye ananunua tu, na ofisi za serikali hutujibu kwamba sisi tumejiajiri. Basi wakati wa kupima mzigo sisi ni wauzaji huru, na tukichomwa na bocho sisi ni watu wenye bahati mbaya. Chama hakikubaliani na hesabu hiyo. Anayetoa kamba na kupanga bei ana sehemu yake katika usalama wa mkono unaofunga kamba hiyo. Viatu, miwani ya jua na glavu viingizwe katika orodha ya vifaa pamoja na kamba, wala visikatwe kwenye mzigo wa mkulima. Wakaguzi wa usalama kazini nao waje pwani wakati wa bamvua, siyo wakati wa maji mafu tukiwa majumbani.

Kuhusu matibabu, Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2023 ni jambo jema. Lakini fedha zetu haziji mwisho wa mwezi. Huja kwa mavuno. Tunaomba vikundi viruhusiwe kuchangia kwa msimu, na vivyo hivyo katika mpango wa hiari wa Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar (ZSSF), ili mkulima aliyeinama miaka 30 asizeeke mikono mitupu.

Masheha na wawekezaji wa hoteli tunawaambia hivi: ufukwe wa kuanikia na njia ya kushukia pwani ni sehemu ya kazi yetu. Kila ukuta unaojengwa hutuongezea safari tukiwa na mzigo kichwani. Tunataka kila kijiji kitengewe eneo la chanja, banda la kivuli, choo na maji, na litengwe kabla kiwanja hakijakodishwa.

Lipo pia la ndani yetu. Mwani ulipokuwa na bei, ulijenga nyumba na kusomesha watoto, na nyumba nyingine zilitikisika kwa sababu mke alikuwa na fedha yake. Fedha ya mwani ni ya aliyeufunga. Waume wenye nguvu wanaokaa barazani bamvua zima washuke wabebe magunia. Mtoto asitolewe skuli kwenda kufunga mbegu. Mjamzito asibebe mwani mbichi. Kikundi kimpe kazi ya kuanika na mgao wake ubaki pale pale. Hakuna mwanachama atakayekwenda kina kirefu peke yake. Wanaotengeneza sabuni ya mwani wasichanganye kostiki soda bila glavu na miwani, hata oda ikiwa ya haraka.

Kuanzia msimu ujao Kamati Tendaji haitasaini mkataba wowote wa vifaa usiotaja kinga ya mkulima, na nani atalipa matibabu akiumia kazini. Mikataba iliyopo itaheshimiwa hadi muda wake uishe. Mnunuzi anayetaka mazungumzo kabla ya hapo atapokelewa.

Limetolewa na Kamati Tendaji kwa niaba ya wanachama.