Mlio wa Tik-Tik: Fundi Alipwe kwa Kusikiliza

Kwenye barabara ya St Barnabas, Kisugu, kuna hospitali kubwa, International Hospital Kampala. Mgonjwa anayeingia hospitalini hulipa ada ya kumwona daktari kabla hajaandikiwa hata kidonge kimoja, na halalamiki. Anajua kwamba kuulizwa, kupimwa na kusikilizwa kifua ni kazi, tena ndiyo kazi yenyewe. Lakini mtu huyohuyo, gari lake la dizeli likianza kulia tik-tik akielekea Namuwongo au Kabalagala, atasimama kwa fundi wa kando ya barabara na mazungumzo yatakuwa mafupi.

"Fundi, gari linalia."

"Hizo ni nozeli, bosi. Lete nne."

Boneti haijafunguliwa. Hakuna aliyeuliza mlio ulianza lini, wala kama hutoweka injini ikipata moto. Mwenye gari atapanda bodaboda hadi soko la Kisekka, atanunua nozeli nne za mtumba, atalipia mkono wa fundi, na jioni gari litarudi nyumbani likilia vilevile.

Ubovu wa kwanza hapo haumo ndani ya injini. Umo kwenye malipo. Spea inalipiwa, mkono unalipiwa, sikio halilipiwi. Fundi anayegundua kwa dakika kumi kwamba nati ya manifoldi ya ekzosi imelegea, akaikaza, huambiwa asante. Anayebadilisha nozeli nne huondoka na pesa. Malipo ya namna hii humfundisha kubahatisha hata fundi mwaminifu, na lawama haiwezi kumwangukia yeye peke yake.

Na dizeli ndiyo injini ambayo kubahatisha kwake huumiza zaidi, kwa sababu ina kelele za kuzaliwa nazo. Haina plagi ya kutoa cheche. Hubana hewa ndani ya sehemu moja ya ishirini hivi ya nafasi yake ya awali, mpaka ipate joto la zaidi ya nyuzi 500, kisha nozeli ikanyunyiza mafuta ndani ya hewa hiyo. Mafuta hayashiki moto papo hapo. Huchelewa kidogo mno, yakajikusanya, halafu yakawaka kwa kishindo. Kishindo hicho ndicho mngurumo ambao dereva wa Hiace ameuzoea hata hausikii tena. Mlio mpya ukiingia humo hujificha kama mtu anayenong'ona sokoni.

Hata hivyo injini ina mdundo, na mdundo unasema mengi. Kamshafti, inayofungua valvu, huzunguka mara moja kila krankshafti inapozunguka mara mbili. Injini ikinguruma mizunguko 800 kwa dakika bila kukanyagwa mafuta, valvu moja hufunguka mara 400 tu, yaani kama mara sita au saba kwa sekunde. Nozeli nayo hufuata mdundo huohuo wa polepole. Kitu kilicholegea kwenye krankshafti yenyewe, au kwenye flaiwili, kinaweza kugonga mara 13 kwa sekunde. Sikio la kawaida haliwezi kuhesabu hivyo, ila linaweza kutofautisha mdundo wa haraka na ule wa nusu yake. Fundi aliyesimama kimya dakika mbili huwa ameshajua kama aanzie juu ya injini au chini, na bado hajashika spana.

Washukiwa wa juu ni wachache. Valvu huachiwa nafasi ndogo sana, chini ya nusu milimita, ili chuma kikitanuka kwa joto zisibaki wazi. Miaka ikipita nafasi hiyo hubadilika. Ikizidi, valvu hugonga tik-tik nyepesi inayokwenda kasi kadiri dereva anavyopiga resi. Gasketi ya manifoldi ikipasuka nayo hutoa mlio unaofanana sana na huo, lakini huwa mkali asubuhi injini ikiwa baridi, kisha ukapungua au ukatoweka chuma kikipata moto na kujibana. Pampu ya vakyumu ya breki, ambayo kwenye magari mengi ya dizeli ya Toyota imefungwa nyuma ya alteneta, ikichakaa hugonga na kumfanya mtu aape kwamba injini imekwisha.

Nozeli inastahili maneno zaidi, kwa sababu fundi anayeitaja haraka huwa amekosea namna ya kuitaja, hata pale anapoipatia. Chini ya kila nozeli kuna washa laini ya kuzuia moto wa silinda usipande juu. Ikivuja, husikika tik-tik au chu-chu-chu, harufu ya moshi huingia ndani ya gari, na pembeni ya nozeli huota masizi magumu kama lami. Kwenye injini za Toyota za 1KD, zilizofungwa kwenye Prado na kwenye baadhi ya Hiace zile ambazo Kampala inaziita drone, uvujaji huu unajulikana kwa madhara mabaya zaidi. Masizi hushuka kwenye oili na kuziba chujio la kunyonyea lililo ndani ya sampu. Oili haipandi tena, biringi zinakauka, injini inanoki. Washa ndogo, ya bei isiyofikia hata sehemu ndogo ya bei ya nozeli, imeua injini nzima. Aliyebadilisha nozeli na kurudishia washa zilezile kuukuu hajatibu kitu.

Mlio wa chini ni habari nyingine. Hautiki. Unagonga ngo-ngo-ngo, mzito, na huzidi gari linapopanda mlima, kama ule wa kutoka Kisugu kwenda Muyenga. Hiyo kwa kawaida ni biringi ya konrodi, na dawa yake ya kwanza ni kuzima injini hapo hapo. Kuendesha "mpaka nyumbani tu" kumegeuza matengenezo mengi ya biringi kuwa ununuzi wa injini.

Njia za kuwatenganisha washukiwa hawa ni za zamani, na nyingi hazidai mashine. Mwaka 1816 daktari Mfaransa René Laennec alikunja karatasi ikawa bomba, akaliweka kifuani mwa mgonjwa, akashangaa jinsi alivyousikia moyo kwa uwazi. Bisibisi ndefu ya fundi wa Kisugu, ncha kwenye chuma na mpini sikioni, inafanya kazi ileile. Hutembezwa kutoka nozeli moja hadi nyingine, kisha kifuniko cha valvu, alteneta, pampu ya maji, mikono na nguo zikiwekwa mbali na feni na mikanda. Mkanda wa alteneta ukivuliwa na injini ikawashwa kwa muda mfupi sana, mlio ukinyamaza, kosa liko kwenye kilichokuwa kinazungushwa na mkanda. Kwenye injini za kizamani za pampu, kama 3L ya Hiace au 1HZ ya Land Cruiser, fundi hulegeza nati ya bomba la nozeli moja moja injini ikiwa inanguruma. Silinda ile hulala, na kama mlio unalala nayo, mgonjwa amepatikana.

Njia hiyo ya mwisho isijaribiwe kamwe kwenye injini za komonreli, zikiwamo hizo za 1KD. Humo dizeli husukumwa kwa shinikizo la zaidi ya baa 1,000, na uzi mwembamba wa mafuta ukichomoka hupenya ngozi na kuingia mwilini kama sindano. Kidole huonekana kimetobolewa kidogo tu, kumbe nyama ndani inakufa, na aliyepatwa anahitaji daktari wa upasuaji siku hiyohiyo. Kwenye injini hizi silinda hulazwa kwa kompyuta ya uchunguzi. Vijana wanaojifunza kazi chini ya miti ya Kisugu wanapaswa kuambiwa jambo hili siku ya kwanza, kabla ya kufundishwa chochote kingine.

Haja ya ujuzi huu inaongezeka. Mwaka 2018 Uganda ilibadilisha sheria yake ya usalama barabarani na kupiga marufuku uingizaji wa magari yaliyofikisha miaka 15 tangu yatengenezwe. Kenya kikomo chake ni miaka 8. Lakini sheria hizi zinalinda mpakani tu. Gari lililoingia likiwa na miaka 14 linaendelea kuzeeka Kampala, likibeba abiria, na milio yake inaongezeka mwaka hadi mwaka.

Wenye magari watauliza: je, fundi akilipwa kusikiliza, si anaweza kusikiliza vibaya kisha akaomba pesa ya spea vilevile? Hofu hiyo ina msingi. Jibu lake ni mapatano ya mapema. Ada itajwe kabla boneti haijafunguliwa, ilipwe hata kosa likiwa nati iliyolegea, na fundi aonyeshe kwa macho au kwa sikio alichokigundua: "Weka sikio hapa, mzee. Sasa hapa. Umesikia tofauti?" Asiyeweza kuonyesha asiruhusiwe kufungua injini. Mwenye gari naye ana wajibu wake, aseme ukweli wote: oili ilibadilishwa lini, ilipungua kiasi gani, gari lilichemsha wapi. Wengi huficha kwa kuogopa bei, na wahenga walishasema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua.

Serikali nazo zina nafasi. Uganda ina cheti cha Workers PAS kwa mafundi waliojifunza kazini, Tanzania inapima na kutambua ujuzi wa namna hiyo kupitia mamlaka yake ya ufundi stadi, VETA, na Kenya ina majaribio ya ufundi ya mamlaka yake ya mafunzo ya viwandani, NITA. Kila mtihani wa fundi magari ungefaa uwe na injini moja yenye mlio uliowekwa makusudi, na fundi apewe bisibisi, nusu saa, na ruhusa ya kutofungua kitu. Anayetaja kosa na kulithibitisha ndiye anayestahili cheti cha daraja la juu, na cheti hicho ndicho kitakachomwezesha kudai ada yake bila kuona haya.

Msomaji aliyesikia tik-tik asubuhi ya leo asikimbilie Kisekka. Azime gari, asubiri oili ishuke, achomoe kijiti cha kupimia na atazame kiwango. Oili ikiwa chini, aiongeze ya aina sahihi na asikilize tena. Mlio ukiendelea, amwite fundi injini ikiwa imeshapoa, kwa kuwa kuna milio isiyosikika ikishapata moto, na amlipe ada ya kusikiliza kabla ya kumuuliza bei ya kitu chochote.