Watu wa Hadithi na Kazi Waliyopewa

Wazee wengi hutuuliza kama kijana wa nyumba ya Kiislamu aachwe asome hadithi za kubuni na kutazama senema, au aepushwe navyo vyote viwili. Sisi twaona swali hili huja mapema mno. Kabla ya kuamua kitabu kiingie ndani au kibaki mlangoni, yapasa kwanza tujue mtungaji amewapa watu wake kazi gani. Mtu wa hadithi hakupita njiani kwa bahati. Amewekwa pale kwa makusudi, na asiyeyatafuta makusudi hayo huishia kusema kwamba fulani ni mwema na fulani ni mbaya, kisha akafunga kitabu.

Tuanze na kitabu ambacho aghalabu ya wasomaji wetu wamekipitia, Adili na Nduguze cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1952. Asili ya kisa chake imo katika Alfu Lela Ulela. Humo mna liwali wa Basra, Abdullah bin Fadhil, ambaye kila usiku hupiga mbwa wawili, na mbwa hao ni ndugu zake waliogeuzwa umbo kwa sababu ya kumdhulumu. Ndugu hao waitwa Nasir na Mansur, majina mazuri yasiyofichua jambo lolote. Shaaban Robert alifanya mbwa kuwa manyani, akamwita mwema Adili, na wale ndugu wawili akawaita Hasidi na Mwivu. (Majina hayo mawili karibu ni jina moja, la kwanza kwa asili ya Kiarabu na la pili kwa asili ya Kibantu, kana kwamba mtungaji aliona ubaya huu haufai kutajwa mara moja tu.) Kwa majina peke yake msomaji amekwisha kupewa hukumu.

Wako wasemao kuwa njia hii ni nyepesi na yafaa watoto wadogo. Hatuafikiani nao. Jina latuambia kwamba Adili ni mwadilifu, lakini halituambii uadilifu wagharimu nini. Hilo twalijua pale jini Huria anapomwamrisha awapige ndugu zake kila usiku. Adili hupiga huku akilia, kisha huwalisha kwa mkono wake. Wanafunzi wetu hufundishwa kuorodhesha sifa zake: mpole, mvumilivu, mkarimu. Orodha hukaririwa mpaka siku ya mtihani, na alama hupatikana. Orodha hiyo si ya uongo, ila yale machozi yamebaki nje yake, na kitabu chenyewe kimo ndani ya machozi.

Baadaye walitokea watungaji walioacha majina ya namna hiyo, wakamwachia msomaji kazi ya kuhukumu. Mmoja wao ni Euphrase Kezilahabi, ambaye riwaya yake ya Rosa Mistika ilitoka mwaka 1971, na kwa muda ikakatazwa mashuleni, kwa kuwa ilieleza waziwazi khabari za binti aliyepotoka. Nyumba inayosimuliwa ni ya Wakristo wa kisiwa cha Ukerewe, lakini baba wa nyumba hiyo hana ugeni kwetu. Zakaria ni mlevi, na juu ya ulevi wake ni mkali mno kwa mabinti. Barua ya mvulana ilipomfikia Rosa, jawabu la baba lilikuwa kipigo. Rosa akakua akiwaogopa wanaume. Alipofika chuo cha ualimu, mbali na macho ya baba, hakuwa na kitu moyoni cha kumzuia, kwani siku zote kilichomzuia kilikuwa fimbo, na fimbo imebaki nyumbani.

Angalieni namna kazi ilivyogawanywa. Rosa amepewa makosa yanayoonekana, na Zakaria amepewa chanzo chake. Asomaye kwa haraka humhukumu binti peke yake. Asomaye kwa utulivu hurudi nyuma mpaka kwenye ile barua. Hatusemi kila msichana apewe riwaya hii; ina mambo ya watu wazima, na mzazi ana haki ya kungoja umri. Lakini tumepata kuwaona akina baba walioinyang'anya mikononi mwa watoto wao bila ya wao wenyewe kuifungua. Lau wangaliifungua, huenda wangalikutana na mtu wanayemfahamu vizuri sana.

Baba mkali wa namna nyingine twamkuta katika senema ya Kiirani ya mwaka 1997, ambayo jina lake kwa Kiswahili ni Watoto wa Mbinguni, iliyoandikwa na kuongozwa na Majid Majidi. Kijana Ali amepoteza viatu vya dada yake Zahra alipokuwa akivirudisha kutoka kwa fundi. Baba hana fedha, mama mgonjwa. Basi watoto huificha khabari hiyo, na jozi moja ya Ali huvaliwa kwa zamu: Zahra asubuhi, kisha mbio hadi kichochoroni kumpokeza kaka yake aende shule ya mchana. Baba huyu naye hupandisha sauti, na ingekuwa rahisi kumweka katika fungu moja na Zakaria.

Lakini siku moja ameketi akivunjavunja sukari ya msikiti. Zahra amletea chai. Baba auliza sukari iko wapi, na binti ashangaa, kwa maana imejaa tele mbele yake. Baba amjibu kwamba ile ni ya msikiti, wamewekewa amana. Basi, imekwisha, senema yaendelea na mambo mengine.

Siku za mbele Zahra aviona viatu vyake vilivyopotea, vimo miguuni mwa msichana mwingine shuleni. Yeye na Ali wanamfuata mpaka kwao. Wanamwona baba wa msichana yule ni kipofu. Wanatazamana, wanageuka, wanarudi nyumbani mikono mitupu. Ni nani aliyewafundisha hivyo? Senema haisemi. Sisi twaona ni ile sukari. Mtungaji dhaifu angalimfanya baba atoe hotuba ya uaminifu. Huyu alimpa kikombe cha chai isiyo na sukari, kisha akatuonyesha hotuba hiyo katika miguu ya watoto wake.

Tuliitazama senema hii pamoja na watoto na wazee wa nyumbani. Mwishoni Ali aingia katika mashindano ya mbio akitaka nafasi ya tatu, kwa kuwa zawadi yake ni viatu. Kwa bahati mbaya akawa wa kwanza, akainamisha kichwa akalia. Kijana mmoja wetu akacheka, akasema huyu mshindi gani anayelia. Mdogo wake wa kike akamnyamazisha: "Halilii mbio, kaka. Anamlilia dada yake." Mzee mmoja aliyekuwa ameketi nyuma, mtu asiyezipenda senema hata kidogo, hakusema neno muda wote. Ilipokwisha akatuomba tumrudishie ile sehemu ya sukari.