Kanuni za Kale za Menejimenti: Tusizitupe, Tusiziabudu

Mwanafunzi, swali la ubora na udhaifu wa kanuni za kale za menejimenti huwaponza watahiniwa wengi kwa sababu hulijibu kwa orodha mbili walizozikariri: ubora huku, udhaifu kule. Kwa maoni yangu, orodha hizo hazitengani. Kinachoipa kanuni nguvu mara nyingi ndicho hicho hicho kinachoipa udhaifu.

Chukua mgawanyo wa kazi, kanuni ya kwanza kati ya 14 alizozieleza Henri Fayol, mhandisi wa migodi wa Ufaransa, mwaka 1916. Nguvu ya mgawanyo huo ilikuwa imeshaonekana mwaka 1913 katika kiwanda cha magari cha Henry Ford, Marekani. Kila mfanyakazi alipewa kazi moja ndogo, na gari likapitishwa mbele yake. Muda wa kuunganisha chesisi moja ulishuka kutoka zaidi ya saa 12 hadi saa moja na nusu hivi. Lakini kurudia kitendo kimoja kutwa nzima kunachosha mwili na akili, na wafanyakazi waliacha kazi kwa wingi. Januari 1914, Ford alitangaza malipo ya dola 5 kwa siku na kupunguza saa za kazi kutoka 9 hadi 8.

Naye Frederick Taylor wa Marekani alifundisha, katika kitabu chake cha mwaka 1911, kwamba kila kazi ipimwe ili ipatikane njia bora ya kuifanya. Upimaji huo huokoa muda na nguvu zinazopotea bure. Hata hivyo, mwaka huo huo mafundi wa kiwanda cha silaha cha serikali huko Watertown waligoma kwa sababu ya kupimwa kwa saa. Hawakutaka kuhesabiwa kama mashine.

Umoja wa amri nao una pande mbili. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Fikiria duka la jumla: mwenye duka anamkataza mtunza stoo kutoa mzigo kwa mkopo, kisha mwanawe anamwamuru autoe. Mtunza stoo amtii nani? Hapo kanuni inasaidia. Lakini mkubwa huyo mmoja akisafiri, na mtunza stoo haruhusiwi kuamua lolote, bidhaa zitaharibika huku wateja wakisubiri. Fayol mwenyewe aliliona hilo: alisema kanuni zake zitumike kwa busara kulingana na hali, na akaruhusu watumishi wa ngazi moja kuwasiliana moja kwa moja, mradi wakubwa wao wamekubali.

Kwa hiyo, kwenye mtihani taja kanuni, eleza inachokipa biashara, eleza inachomnyima mfanyakazi au mteja, kisha toa msimamo wako. Msimamo wangu ni huu: kanuni hizi ni nzuri kwa kupanga kazi, lakini hazitoshi kuongoza watu. Mtu huhitaji pia kusikilizwa, kuheshimiwa na kuona maana ya anachofanya. Kesho utakuwa mwajiri au mwajiriwa. Ukiwa mwajiri, gawa kazi na weka wazi nani anaamuru nani. Kisha waulize walio chini yako kazi inakwendaje, na uyafanyie kazi majibu yao.