Fangasi za Kucha za Miguu: Si Uchafu, Wala Si Aibu



Ndugu zetu wa Dzaleka na wa Nsungwi kule Lilongwe, leo tuzungumzie jambo ambalo wengi tunalificha ndani ya soksi: kucha za miguu zinazogeuka manjano, zikanenepa na kumomonyoka.

Tukimuona mtu na kucha hizo, upesi tunasema ni mchafu. Wapo hata wanaosema amerogwa. Kwa maoni yetu, huko ni kumdhulumu mgonjwa. Hizo ni fangasi, nazo hupenda joto na unyevu. Mara nyingi huanzia kwenye ngozi katikati ya vidole, kisha zikaingia kwenye kucha.

Nani huzipata? Watoto ni nadra. Zaidi ni wazee wetu, ambao kucha zao hukua polepole. Wamo pia wenye kisukari, wenye kinga dhaifu, wanaoshinda ndani ya mabuti ya mpira, vijana waliojiumiza kucha mpirani, na wanaoishi na mgonjwa nyumba moja. Kambi ya Dzaleka ilifunguliwa mwaka 1994 kwa watu wapatao 10,000 hadi 12,000. Leo tumezidi 50,000. Tukibanana hivyo, ndala moja huvaliwa na miguu mingi.

Basi tusiulaumu udhu. Tatizo ni unyevu unaobaki. Tufanye takhlil ya vidole, kisha tuvikaushe kwa kitambaa kabla ya kuvaa soksi. Kila mtu awe na ndala zake za kutawadhia, na wembe wake wa kukatia kucha. Na akina mama, hina isiwe pazia la ugonjwa.

Wala tusijinunulie dawa ovyo. Karibu nusu ya kucha mbovu si fangasi, kwa hiyo kipimo kwanza. Vidonge vya terbinafine humezwa wiki 12 hivi, na mwenye maradhi ya ini aseme mapema. Ukucha wa kidole gumba huchukua mwaka hadi mwaka na nusu kuota upya, hivyo subira inahitajika.

Mwenye kisukari asingoje. Ufa mdogo kando ya ukucha huweza kuwa kidonda, na kidonda kikampotezea mguu.

Nanyi wanafunzi, jioni ya leo waombeni bibi na babu wavue soksi, muwatazame miguu. Huo nao ni wema kwa wazazi.

Wabillahi tawfiq.