Stroberi: daftari la utitiri ndilo dhamana ya mtaji

Katika biashara ya stroberi maswali ya kwanza huwa mawili: kilo moja inauzwa bei gani, na ekari moja inatoa kilo ngapi. Mwenye mtaji mdogo anayekodi shamba Limuru au Nakuru huandika majibu hayo, akazidisha, na faida ikaonekana nono kwenye karatasi. Swali la tatu, ambalo ndilo linaloamua kama faida hiyo itafika mfukoni, ni nadra kuulizwa: kwenye majani kuna utitiri wangapi?

Utitiri wekundu, ambao wataalamu huwaita Tetranychus urticae, si wadudu wa kawaida bali ni jamaa ya buibui. Mkubwa wao ana urefu wa nusu milimita hivi. Hukaa chini ya jani na kufyonza uhai wake, jani likapata vidoa vyeupe, kisha rangi ya shaba, na mwisho utando. Jike mmoja anaweza kutaga mayai 100 au zaidi, na katika joto la karibu nyuzi 30 yai huwa utitiri kamili kwa muda wa siku 7 hadi 10. Kwa hiyo mwenye shamba anapoona rangi ya shaba akiwa barabarani, vizazi kadhaa vimekwisha kupita na matunda yamekwisha kudumaa. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Dawa ya ugonjwa huu huanza na kuhesabu. Kifaa kinachohitajika ni kioo cha kukuzia chenye nguvu ya mara 10, daftari na kalamu. Kila wiki mtu hupita shambani akichuma majani yaliyokomaa ya katikati ya mche, si machanga wala makuukuu, na kuhesabu utitiri kwenye kijani kimoja kati ya vitatu vya kila jani. Vijani 20 vikikutwa na utitiri 100, wastani ni 5.

Chuo Kikuu cha California, ambako ndiko ilikotoka aina ya Chandler inayojulikana sana kwa wakulima wa Kenya, kinashauri kuchukua hatua wastani unapofika 5 kwa kijani katika miezi ya mwanzo baada ya kupanda, wakati mche ni dhaifu. Matunda yakishaanza kushika, mche huweza kustahimili 15 hadi 20. Hali ya hewa ya huku si ya California, lakini hicho ni kipimo cha kuanzia, na ni bora kuliko kukisia.

Wengi hukwepa kazi hiyo kwa kupiga dawa kila baada ya siku kadhaa, utitiri wawepo au wasiwepo. Hapo ndipo mtaji unapoanza kuvuja. Kwanza, dawa nyingi kali, hasa za jamii ya pairethroidi, huua maadui wa utitiri na kumwacha utitiri akizaana bila kizuizi. Pili, utitiri huyu ni hodari wa kuzoea sumu; duniani amekwisha kuonyesha usugu kwa viambato zaidi ya 90. Tatu, stroberi huchumwa kila baada ya siku 2 au 3. Dawa inayotaka kusubiri siku 7 kabla ya kuchuma inamaanisha kutupa machumo mawili au matatu, ama kuuza tunda lenye sumu.

Jambo hilo la mwisho si dogo. Katika Umoja wa Ulaya, tangu Septemba 2008, mabaki ya dawa ambayo haikuwekewa kiwango chake maalumu hayaruhusiwi kuzidi miligramu 0.01 kwa kilo. Dawa ya dikofoli, iliyokuwa tegemeo la wengi dhidi ya utitiri, iliingizwa mwaka 2019 katika orodha ya Mkataba wa Stockholm ya kemikali za kukomeshwa.

Njia nyingine ipo. Utitiri mwindaji aitwaye Phytoseiulus persimilis hula utitiri wekundu na mayai yao, na huzalishwa kibiashara hapo hapo Kenya, ambako wakulima wa maua wa Naivasha wamekuwa wakimtumia. Hata hivyo, naye ana masharti: hupenda unyevu, na huletwa mapema, utitiri wakiwa wachache. Akiachiliwa shamba likiwa limekwisha kugeuka shaba, ni fedha za bure. Kwa hiyo hata yeye hutegemea daftari. Aidha, kumwagilia vya kutosha na kupunguza vumbi la njia za shamba husaidia, maana utitiri hustawi penye ukavu na vumbi.

Wapo wanaosema kuhesabu kunapoteza siku ya kibarua. Ni kweli, lakini kibarua huyo anayelipwa kila wiki huweza kuokoa upigaji dawa ambao haukuhitajika, pamoja na machumo ambayo yangetupwa.

Kwa mwekezaji, basi, ushauri ni mwepesi. Kabla ya kutoa fedha aulize miche ilitoka wapi na kama ilikaguliwa, maana utitiri husafiri na miche. Kisha adai kuona daftari la hesabu na la dawa, lenye tarehe. Mnunuzi naye anayelipa bei ileile kwa tunda lenye kumbukumbu na lisilo nazo anawafundisha wakulima kutohesabu. Aongeze kidogo kwa wenye daftari. Shamba lisilo na daftari lisihesabiwe kuwa rasilimali, hata likiwa la kijani kibichi siku ya kutembelewa.